Kuchagua Bloku ya Injini kwa Njia za Tana

Mtu atokaye Malindi akielekea kaskazini, akiisha kuzipita takriban kilomita 110 za vichaka, vumbi na makundi ya ng'ombe wavukao njia bila haraka, hufika katika nchi ya Garsen, ambako njia hugawanyika penye Minjila: moja hupanda kwenda Hola na Garissa, na nyingine huingia Garsen mjini, ikavuka Mto Tana, ikapita Gamba na Witu hata gati ya Mokowe, mkabala wa kisiwa cha Lamu. Zamani, kabla ya daraja, gari lilivushwa hapa kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba na mikono ya watu, na dereva alipata wasaa wa kuiacha injini yake ipoe. Leo njia ya kutoka Garsen hadi Lamu, ambayo urefu wake ni kilomita 135, imetiwa lami, na pamoja na lami imekuja hamu ya mwendo. Vijana wenye Mark X, wenye Subaru, na wenye Mark II za zamani wanataka injini zao ziongezwe nguvu. Wenye Land Cruiser za mizigo nao wanataka kufunga turbo. Sina neno juu ya hamu hiyo, kwa kuwa aghalabu ndiyo imfundishayo kijana ufundi ambao hangeupata kwa njia nyingine. Linalonisikitisha ni utaratibu wa kazi yenyewe: mtu huanza kwa turbo, akafuatia ekzosi na rimu, na bloku, ambayo ndiyo itakayoubeba mzigo wote huo, huiacha ile ile iliyokuja na gari, au hununua nyingine kwa kuitazama rangi.

Bloku ni kiwiliwili cha injini, chenye silinda ndani yake, mikondo ya maji kandokando ya silinda, mifereji ya mafuta, na chini yake vitako vya beringi ambavyo krankishafti huzungukia. Ni kwa injini kama mkuku ulivyo kwa jahazi, kwamba kila ubao hupimwa kutoka kwake na hakuna seremala awezaye kuubadili baada ya chombo kuundwa. Ili kuufahamu mzigo wake, tuchukue pistoni yenye upana wa milimita 86, kipimo ambacho Toyota imekitumia katika injini zake nyingi. Mgandamizo wa moto ukifika bar 100, jambo lisilo la ajabu katika injini ya petroli yenye turbo, pistoni hiyo moja husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani sita, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pigo hilo hurudiwa mara 50 kwa kila sekunde katika kila silinda. Nguvu isukumayo pistoni chini ndiyo hiyo hiyo isukumayo hedi juu, na kati ya hedi na krankishafti hakuna kitu kinachozuia visiachane ila bolti na madini ya bloku.

Kuna jambo ambalo mafundi wa Nairobi hawana sababu ya kulifikiri, na sisi wa huku chini hatuna budi kulifikiri sana. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Garsen iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na hewa yake, ijapokuwa ya moto, ni nzito zaidi. Ukifanya hesabu ya joto na ya mwinuko pamoja, utaona kwamba injini isiyo na turbo ikiteremshwa kutoka Nairobi hadi Garsen huvuta hewa zaidi kwa takriban moja ya sita katika kila pumzi. Hiyo ni nguvu ya bure, walakini ni mzigo pia: mgandamizo hupanda, na hewa iliyokwisha kupata moto wa kiangazi cha Tana, ambacho hupita nyuzi 35, huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, na ndipo injini inapogonga. Gari lililotengenezwa na kupimwa bara likaonekana zima, huweza kujifisha kwa kugonga huko katika safari yake ya kwanza ya kwenda Lamu, na mwenyewe akailaumu petroli ya kituo. Bloku ya huku, kwa hiyo, yapasa kuwa na akiba ya madini kupita ile ya bara.

Kisha kuna maji. Tana ni mto mrefu kupita yote ya Kenya, na ijapokuwa mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, huzuia sehemu ya udongo, maji yafikayo Garsen ni mekundu kwa tope. Dereva ambaye rejeta yake imekauka njiani huteka yaliyo karibu, ya mto au ya kisima chenye chumvi, akamimina. Tope hilo haliondoki. Hutuama chini ya mikondo ya maji, aghalabu karibu na silinda ya nyuma ambako mwendo wa maji ni dhaifu, likaganda kama saruji, na ukuta wa silinda hapo hukosa kupoa. Chumvi nayo hula vizibo vya duara vilivyo ubavuni mwa bloku, na ikiwa bloku ni ya alumini, hula madini yenyewe. Nimeona bloku iliyofunguliwa katika gereji moja ya Garsen, ambayo fundi aliingiza bisibisi ndefu katika tundu la maji la nyuma akatoa udongo mweusi mkavu, kibaba kizima, uliokuwa umeizunguka silinda ya nne toka chini hata nusu yake. Na ndani ya silinda, mahali palepale, palikuwa na alama za kukwaruzwa na pistoni, zilizo wazi hata kwa asiye fundi.

Kwa nchi ya namna hii, bloku niipendayo kupita zote haimo tena katika orodha ya vijana, nayo ni ile ya Peugeot 404 na 504. Wazee wa njia hii wanazikumbuka gari hizo zikibeba abiria kuliko idadi ya viti vyake kwa miaka na miaka. Bloku yao ni ya chuma cha kusubu, lakini silinda zake si sehemu ya bloku: ni slivu nne zinazosimama peke yake ndani ya maji, zikakaa juu ya vitako vyake chini na kubanwa na hedi juu. Silinda ikiisha, fundi hahitaji kerezo wala safari ya Mombasa. Hufungua hedi na sampo, akazitoa slivu kwa kuzigonga kwa kipande cha mti, akasafisha vitako hata ving'ae, akaingiza slivu mpya ambazo huuzwa seti moja pamoja na pistoni na ringi zake, na injini ikawa na silinda za kiwandani. Tope lililotuama huonekana lote na kukwanguliwa lote, kwa kuwa slivu zikitoka, bloku hubaki kisanduku kitupu. Kazi hiyo hufanyika chini ya mwembe, kwa spana, na fundi ambaye hajawahi kuiona mashine ya kupimia. Sharti lake ni moja, na wengi hulipuuza: slivu yapasa kuchomoza juu ya uso wa bloku kiasi cha sehemu chache za mia za milimita, zote sawasawa, ili gaskiti izibane, zikipishana, maji hushuka katika mafuta.

Wala haikuwa injini ya abiria tu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalichukuliwa na Peugeot 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki alishinda mara mbili katika hizo, na Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Tanzania, mara mbili. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 ya silinda sita, ambayo bloku yake ilikuwa ya alumini, walakini slivu zake zilikuwa za chuma na za kutolewa vilevile. Naitaja habari hii kwa sababu vijana hudhani kwamba urahisi wa kutengenezwa na kasi ni maadui. Ila nakiri kwamba bloku ya slivu za maji ina mpaka wake: kwa kuwa silinda hazishikani na bloku ubavuni, haina ugumu wa kustahimili turbo kubwa, na atakaye kuizidishia nguvu maradufu atazihamisha slivu mahali pake.

Anayetaka turbo, basi, na arudi kwenye chuma kilichosubiwa kipande kimoja, chenye kuta nene. Joginder Singh, fundi aliyelelewa katika gereji ya baba yake, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544, ambayo injini yake ya B18 ilikuwa ya chuma, na krankishafti yake ililazwa juu ya beringi kuu tano katika zama ambazo injini nyingi za silinda nne zilitosheka na tatu. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer yenye bloku ya chuma. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 kwa Datsun 510 na mwaka uliofuata kwa 240Z, zote mbili zenye bloku za chuma na hedi za alumini. Toyota Celica zilizotawala mwaka 1984, 1985 na 1986 zilikuwa na turbo juu ya bloku ya chuma, kadhalika ile ya Ian Duncan, mzaliwa wa Kenya, iliyoshinda mwaka 1994. Chuma cha kusubu kina vipande vidogo vya makaa ndani yake vinavyozima mtetemo. Hutanuka kwa joto kiasi cha nusu ya alumini, na kwa hiyo silinda hubaki duara injini inapochemka. Na huweza kukerezwa, kisha kukerezwa tena.

Katika bloku zinazopatikana leo kwa waagizaji wa injini za Japani kule Mombasa, chaguo langu kwa gari dogo ni 1JZ au 2JZ ya Toyota, ambazo zimo katika Mark II, Chaser, Crown na Aristo. Zote mbili ni za chuma, silinda sita kwa mstari, beringi kuu saba, na sehemu ya juu ya bloku imefungwa, maana yake kuta za silinda zimeshikwa na bloku pande zote hata ukingoni, haziachwi zikisimama peke yake ndani ya maji. Ya kwanza ni ya sentimita za ujazo 2,492, ya pili 2,997. Kwa atakaye silinda nne, 4G63 ya Mitsubishi, iliyokuwamo katika Lancer Evolution tangu ya kwanza hata ya tisa, ina sifa za jinsi hiyo, na mafundi waijuao ni wengi.

Mark X ya injini ya 2.5, ambayo sasa imejaa katika njia zetu, ina bloku ya alumini. Probox, ambayo ndiyo farasi wa Garsen na Hola, kadhalika. Sizilaumu. Alumini ina uzito unaopungua hata nusu ya chuma kwa ukubwa ule ule, hupitisha joto kwa wepesi zaidi, na gari la kawaida hupata manufaa yote mawili. Lakini kuta za chuma zilizomo ndani ya bloku ya Probox ni nyembamba mno, hazikuwekwa kwa nia ya kukerezwa, na silinda ikikwaruzwa, bloku imekwisha. Seuze Subaru ya EJ25, ambayo silinda zake zina upana wa milimita 99.5 zikiwa zimebanana: ukuta uliobaki baina yake ni haba, na gaskiti ya hedi ndiyo ya kwanza kulia.

Insafu hunitaka niseme habari ya upande wa pili, kwa kuwa alumini nayo imeshinda katika udongo wetu. Ford Escort ya Hannu Mikkola, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, mwaka 1972, ilikuwa na injini ya Cosworth ambayo asili yake ni bloku ya chuma ya gari la kawaida la Ford. Bloku ile haikuwa na nafasi ya kupanuliwa kufika lita mbili, ndipo Brian Hart, fundi Mwingereza, akaunda bloku ya alumini yenye silinda za milimita 90, na Escort ya namna hiyo, RS1800, ikashinda Safari ya mwaka 1977 mikononi mwa Björn Waldegård. Colin McRae naye alishinda mwaka 1997 kwa Subaru ya alumini. Lakini nyuma ya magari hayo walikuwako mafundi wa kiwandani, na injini za akiba, na helikopta angani. Kijana wa Garsen ana fundi mmoja na Probox ya rafiki yake ya kumpeleka Malindi kutafuta gaskiti. Chaguo lile lile ambalo kwa wale lilikuwa hikima, kwake ni hatari.

Sasa juu ya kuikagua bloku yenyewe, maana jina zuri halitoshi, na bloku nyingi ziuzwazo zimekwisha kuteseka. Fundi niliyemtaja aliifanya kazi hii mbele yangu bila chombo chochote cha thamani. Aliiosha bloku kwa sabuni, akaikausha juani, akaipaka mafuta ya taa pande zote, hasa baina ya silinda na penye vitako vya beringi, akaacha muda yapenye. Kisha akaipangusa hata ikakauka kabisa kwa kuguswa, akasaga chaki nyeupe ya shule na kuinyunyiza kama unga. Tulipokuwa tukinywa chai, mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha katika ufa yakaanza kurudi nje yakilowesha chaki, na mstari mwembamba wa rangi ya kijivu ukajichora kutoka tundu la bolti la tatu hata ukingo wa tundu la maji. "Hii, mzee, ni ya kutilia zege," akasema, akaisukuma kando kwa mguu. Muuzaji alikuwa ameipaka rangi ya fedha.

Baada ya ufa, ukingo: ingiza kidole katika silinda na upandishe ukucha toka chini, ukikwama karibu na juu, pale ringi zinapoishia, silinda imelika, na unene wa ngazi hiyo ndio kiasi cha kazi inayokungoja. Baada ya ukingo, uso wa juu: rula ya chuma iliyonyoka huwekwa kwa ulalo, na ukijaribu kupitisha chini yake kipimo cha bapa cha sehemu tano za mia za milimita, kisipite. Baada ya uso, vitako vya beringi: krankishafti ikilazwa na kofia zake kukazwa, yapasa izunguke kwa mkono mmoja, ikiwa nzito mahali pamoja, bloku imepinda, na hiyo haina tiba isipokuwa penye mashine kubwa.

Huku kwetu pana swali la zaidi: je, bloku hii imewahi kuzama? Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, ya 2023 na ya 2024 yameacha magari mengi ndani ya maji ya Tana, na mengine yalizama injini ikiwa inazunguka. Maji hayakubali kushindiliwa. Silinda ikiyanywa na pistoni ikapanda, konrodi hupinda, au ubavu wa silinda hupasuka. Tazama chini ya vizibo na ndani ya mifereji ya mafuta: mchanga laini mwekundu ukionekana humo, usiinunue kwa bei yoyote, kwa sababu hakuna dawa ya kuosha iufikishayo mwisho wake.

Wapo wadhanio kwamba kuikereza silinda ni kuongeza nguvu. Hesabu inakataa. Silinda za 2JZ zikipanuliwa kwa nusu milimita, kutoka 86 hadi 86.5, ujazo hutoka 2,997 ukawa 3,032, yaani nyongeza ya 35 tu. Kukereza ni kwa ajili ya kuirudishia silinda duara na unyofu wake, na kila unyoya wa chuma uondolewao ni akiba iliyotumika. Kwa hiyo, bloku iliyo bado katika kipimo cha kiwandani yastahili kulipiwa zaidi kuliko ile iliyokwisha kufika ovasaizi ya mwisho. Na wale wa Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli ya sentimita 4,164 isiyozaliwa na turbo, nawaambia kwamba bloku yao ya chuma ni imara kupita shaka. Kitakachopasuka kwanza, turbo ikizidishwa, ni hedi baina ya vali, na ni huko wapaswapo kuangalia kipimo cha joto la moshi kabla ya kuangalia kipimo cha mwendo.

Bloku ikiisha kuchaguliwa, namba yake na iandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili kitabu cha gari kilingane na injini iliyomo. Kisha ndipo ipelekwe Mombasa kwenye kerezo, zaidi ya kilomita 200. Inunuliwe rejeta mpya kabla ya turbo, na maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu yabebwe katika mtungi nyuma ya kiti, asiteke mtu mtoni. Na fundi wa kerezo apewe pamoja na bloku zile pistoni zenyewe, si karatasi ya vipimo vyake, kwa kuwa pistoni mbili za seti moja huweza kupishana, naye yampasa kuipima kila moja na kuikereza silinda yake kwa kipimo hicho, akiandika namba juu ya pistoni na juu ya silinda kabla hajaziachia kutoka katika meza yake.